Kijana wangu ananiletea richi na impresheni, mzee anasema ninaibiwa

Shangazi, habari ya siku nyingi. Nakusoma kila wiki na sikuwahi dhani siku moja nitakuandikia mimi, lakini hii imenifika hapa kwa koo.

Mimi ni mama wa miaka 47, niko Nakuru, nauza mapazia na shia kwenye stoli moja karibu na steji ya matatu. Biashara nimefanya miaka 14. Nilianza na pazia za mitumba nikitandika chini Top Market, jua langu mvua yangu, sasa niko na mafundi wawili na cherehani tatu, kwa hivyo usinione kama mtu hajui biashara, biashara naijua, kile sijui ni hii ya kwa simu.

Mwaka jana mtoto wa marehemu dada yangu alimaliza diploma ya mambo ya kompyuta hapa hapa mjini. Kazi hakuna, akawa anakaa tu kwangu Free Area anahesabu mbao za dari. Dada yangu kabla hajatuacha alinishika mkono akaniambia huyu usimwache, na sijamwacha, karo yake imetoka kwa hizo hizo pazia. Siku moja akaniambia anti, wacha nikuuzie onlaini, wewe ukae tu uhesabu pesa. Nikafurahi kusema kweli. Akafungua peji ya Facebook, Instagram na TikTok, anapiga video pazia zikipeperuka na muziki chini, mpaka mimi mwenyewe nikiona nasema kwani hiki ni kile kistoli changu?

Tukaelewana nimpe 5,000 kila mwezi ya jasho lake, halafu 6,000 ya kubusti, yaani kulipia matangazo. Hiyo ya kubusti natuma kwa M-Pesa yake, yeye ndio analipa huko Facebook na kadi yake. Mwisho wa mwezi ananitumia ripoti kwa WhatsApp. Wacha nikuandikie ya mwezi uliopita vile ilikuja:

"Richi 31,000. Impresheni 48,000. Injejimenti 2,150. Kliki 620. CTR 1.29%. CPM 125. Mesej 41. Mafolowa wapya 380, jumla 9,400. Organiki iko chini juu ya algoridhimu. Anti tunahitaji websaiti yenye landing peji na SEO ndio tutoboe."

Nilisoma hiyo kitu mara tatu kama barua ya hospitali. Nikajibu "sawa asante" na kidole gumba.

Sasa Jumapili moja tuko kwa chama, kila mtu anasema biashara yake inaendaje, nikajivuna kidogo, nikasema mwezi huu watu 48,000 wameingia dukani kwangu onlaini. Kuna mama mmoja mdogo anauza viatu, akaniuliza polepole, hiyo ni richi ama ni impresheni? Sikuwa na jibu. Wengine wakacheka. Sijui kama walinicheka mimi ama walicheka tu, lakini nilitoka hapo nikiwa mdogo kama piriton.

Mzee wangu alikuwa dereva wa malori kabla ya mgongo kumkataa. Yeye aliniuliza maswali mawili tu. Pesa ya matangazo unatuma kwa simu ya nani? Na risiti iko wapi? Nikanyamaza. Akasema basi unaibiwa, na unaibiwa na mtu unampikia. Tangu siku hiyo wawili hawaongei, mmoja akiingia sebuleni mwingine anatoka, na mimi niko katikati kama rodi ya pazia.

Si eti hakuna kitu inatoka huko. Kuna siku mtu aliandika anataka pazia za sebule, nikamuuliza uko wapi, akasema niko London. Nikamwambia sawa, boda ni 100 mpaka hapo. Shangazi, mimi nilijua ni hii London yetu ya Nakuru! Kumbe mtu yuko Uingereza, anataka pazia za mama yake Njoro. Tulicheka sana na alilipa. Lakini kwa huyo mmoja kuna wengine kumi wa Lodwar na Mandera wanauliza bei halafu kimya. Pazia za chumba kimoja mimi hubaki na faida ya 1,200 hivi, ndio ujue sichezi na pesa nyingi.

Sasa ameniletea nyingine. Anataka 35,000 ya domeni, hostingi, websaiti na SEO, anasema ndani ya wiki mbili tutakuwa wa kwanza Google. Pia anataka kile kitabu changu cha namba za wateja apige mesej za jumla. Chama wako tayari kunikopesha na wanataka jibu mwisho wa mwezi. Mzee amesema hata shilingi isitoke.

Nikikataa naogopa ataondoka na peji, iko kwa simu yake na paswadi ni yake. Nikikubali naogopa mzee yuko sawa. Na kitu kinaniuma zaidi, nikimshuku na kumbe ni msafi, nitamwambia nini dada yangu? Kumuuliza hayo maneno maana yake naona aibu, kwa sababu ni mimi nililipa hiyo karo ya kuyasoma.

Mama Mapazia, Nakuru

SHANGAZI ANAJIBU

Mama Mapazia, pole kwanza. Pole kwa kicheko cha chama, pole kwa hiyo sebule yenye imegawanywa mara mbili. Na ile ya London imenifanya niweke kikombe chini, nimecheka peke yangu.

Nimesoma barua yako nikaona umefunga mizigo mitatu kwa kamba moja. Kuna mzigo wa maneno huelewi. Kuna mzigo wa pesa huna risiti yake. Halafu kuna mkono wa dada yako, huo ndio mzito, na ndio unafanya hiyo miwili isiguswe. Mzee ameangalia yote akaipa jina moja, wizi. Kijana naye akiangalia anaona jina lingine, algoridhimu. Wewe uko hapo katikati unajibu kwa kidole gumba.

Hebu nikuulize kitu bila kukukasirikia. Kutoelewa ripoti na kuibiwa ni kitu kimoja? Fundi wa gari akikuambia gasketi imeenda unaweza usielewe na awe anasema ukweli mtupu, na anaweza kusema maneno rahisi kabisa huku anakuuzia plagi ya zamani. Hiyo ripoti uliniandikia nimeipitia na kalamu, na hesabu zake zinaingiana. Sijasema pesa yote ilifika Facebook, hiyo sijui kutoka hapa nilipoketi, nasema tu mtu hakukaa chini akabuni namba ovyo. Na hayo maneno, wewe unayajua yote, umeyafanya miaka 14 bila kujua yana majina.

Chukua Jumamosi moja nje ya stoli yako. Mama mmoja anapita akielekea steji, macho yanagonga pazia zako. Anarudi kununua sukuma, anaziona tena. Jioni anapita mara ya tatu. Hizo ni impresheni tatu lakini richi ni moja, kwa sababu mtu ni yule yule. Impresheni inahesabu mara ngapi tangazo limetokea kwa skrini, richi inahesabu vichwa. Kwa hivyo 48,000 kwa 31,000 maana yake kila mtu aliliona mara moja na nusu hivi. Na hapo hatujasema hata mmoja wao aliingia dukani! Huyo mama wa viatu alikuwa anauliza swali la maana, labda hata yeye aliwahi kujikwaa hapo hapo.

Injejimenti ni wale wanashika kitambaa. Anashika, anasema hii iko poa, anaenda. Laiki, komenti, kushea, kuseva, yote inawekwa kwa hilo kapu. Kale kalaiki ka Facebook kalikuja 2009 na tangu hapo watu wengi wamedhani kupendwa na kulipwa ni ndugu. Kliki ni yule ameweka mguu ndani. CTR ni kati ya kila mara mia tangazo limeonekana, wangapi walibonyeza, yaani 620 ukigawa na 48,000 unapata hiyo 1.29. Usiiogope na usiitukuze, hiyo peke yake haiwezi kukuambia umepata ama umepoteza. CPM ni bei ya kuonekana mara 1,000, hiyo M ni elfu ya Kirumi, watu wa magazeti na redio waliitumia kabla intaneti haijazaliwa. 6,000 ukigawa kwa 48 ni 125, iko sawa. Kama angekuwekea bei ya kila kliki ingekuwa shilingi 9 na senti 68.

Halafu mesej 41. Hao ndio wanaitwa lidi, mtu ameacha njia yake akakuuliza bei. Kwako wewe hawa 41 ndio wa kutolea jasho, hizo 48,000 wacha zipite.

Na hapa sasa nataka usimame kidogo. Umeona ripoti inaishia kwa mesej? Hakuna mahali ameandika wangapi walilipa. Hiyo ndio inaitwa konvashoni, lidi kugeuka pesa, na bila hiyo ripoti yote ni kama dereva amekuambia amekimbia kilomita 900 na hajasema kama mzigo umefika. Mwambie mzee wako hivyo hivyo, ataelewa haraka kuliko mimi na wewe.

Lakini mbona hakuiandika? Unaweza kusema anaficha. Mimi nauliza, yeye angeijua vipi? Kitabu cha mauzo kiko kwa nani? Mteja akiingia na kulipa, kuna mtu anamuuliza ulituona wapi? Nashuku hakuna. Kijana ana nusu ya kwanza ya hesabu kwa simu, wewe una nusu ya mwisho kwa daftari, na hizo nusu hazijawahi kukaa meza moja. Kwa hivyo hilo shimo ni lenu wote wawili, na nikisema hivyo sikulaumu, hata makampuni makubwa yenye mameneja wa suti huwa na shimo hilo hilo.

Tupige hesabu yako basi. 5,000 na 6,000 ni 11,000 kwa mwezi. Faida yako ni 1,200 kwa chumba. Ukiuza vyumba 9 kutoka onlaini umelala chini kwa shilingi 200. Ukiuza 10 umebaki na 1,000. Yaani kati ya wale 41 waliouliza unahitaji 10 walipe, na hao wawe wateja hawangekuja kwako bila hayo matangazo. Mwezi uliopita walikuwa wangapi? Ukinijibu 15 tunaongea lugha moja, ukinijibu 3 tunaongea nyingine, na hata hapo bado sijasema mtu ni mwizi, tangazo linaweza kulipiwa lote kwa uaminifu na bado liwe hasara.

Kuhusu risiti mzee ana haki ya kuuliza, hata kama sauti ilikuwa kali. Mtu amelisha lori dizeli miaka yote anajua risiti si matusi. Na habari njema ni kwamba hii kitu haihitaji uchunguzi wa polisi. Kwa akaunti ya matangazo ya Facebook kuna mahali pa malipo, kila shilingi iliyokatwa iko hapo na tarehe yake. Peji pia inaweza kuwa na wenyewe zaidi ya mmoja, kijana anakuongeza wewe kwa akaunti yako na kukupa udhibiti kamili, haina haja umpokonye paswadi. Jambo moja tu, ukifungua hapo ukaona 5,200 ama chini kidogo usipige nduru. Inaweza kuwa kuna VAT ya asilimia 16 juu ya tangazo, na makato ya kadi, na dola siku hiyo ilikuwa imeamkaje. Ukiona 2,000 ni hadithi nyingine.

Swali langu kwako ni hili, na ujibu ukiwa peke yako: ukiona 2,000, utafanya nini? Kwa sababu nahisi, na unisamehe nikikosea, kwamba sehemu ya aibu yako ya kuuliza si aibu ya kutojua Kiingereza cha kompyuta. Ni woga wa kujua. Hata yeye anaweza kuwa na woga wake. Kijana wa miaka hiyo anayelala kwa anti yake, anakula kwa anti yake, anajua mauzo yakionekana ni kidogo ile 5,000 itaisha na atarudi kwa dari. Mtu kama huyo anaweza kujificha nyuma ya maneno makubwa bila kuiba hata ndururu.

Sasa njia ziko kadhaa na kila moja ina miiba yake.

Unaweza kukaa naye jioni moja, simu mkononi, umwambie nifundishe, mimi nataka kusoma hii ripoti. Si kumhoji, kusoma. Wewe ulilipa karo, kwani si haki yako kupata hata somo moja? Mwiba wake ni kwamba akiwa na kitu ataelewa unatafuta nini, na akiwa hana kitu anaweza pia kuumia akijua mzee yuko nyuma ya mlango. Wengine huona afadhali mzee awepo hapo hapo, wasikie pamoja, wengine huona hiyo ni kama korti. Sebule yako unaijua wewe.

Unaweza kusimamisha kubusti mwezi mmoja uone mauzo yanafanya nini. Inaonekana rahisi lakini mwezi mmoja unaweza kukudanganya, ukisimamisha Januari watu wamelipa karo huwezi linganisha na Desemba watu wanapamba nyumba wageni wanakuja. Na mtu aliyeona pazia zako Agosti anaweza kununua Novemba.

Kuna wanaobadilisha malipo, badala ya 5,000 analipwa kamisheni kwa kila mteja amemleta, huo ndio mtindo unaitwa afiliati. Inamfanya ahesabu mauzo kwa bidii! Lakini miezi mitatu ikikauka atakula nini, na mtoto mwenye njaa na wateja kwa simu yake anaweza kuwapeleka kwa duka la jirani. Ama unatafuta mtu wa nje aangalie akaunti kwa saa moja, labda huyo huyo mama wa viatu. Hapo utapata macho safi, na chama chote kitajua kabla jua halijazama.

Tuje kwa hiyo 35,000. Domeni ni jina la duka lako kwa intaneti, kama hilo la kuishia na .co.ke, hayo ya Kenya yanasimamiwa na KeNIC, na hulinunui, unalikodi kila mwaka. Hostingi ni kodi ya chumba ambamo websaiti inakaa. Websaiti ni pazia zenyewe zimepangwa. Landing peji ni ukurasa mmoja wenye kazi moja, mtu akitua hapo aone pazia, bei, kitufe cha WhatsApp, basi. Muulize kila moja ni pesa ngapi, na muulize hasa domeni itaandikwa kwa jina la nani, kwa sababu vile umeniambia kuhusu peji naona ukifanya hivi hivi tena. Na mwaka wa pili nani atalipa?

SEO ni kupanga hiyo websaiti, maneno yake, picha zake, wengine kuitaja, ili mtu akiandika "mapazia Nakuru" Google ikuone wewe ni jibu. Ni kazi ya miezi. Google wenyewe huwaambia wenye biashara kwamba hakuna mtu anaweza kukuhakikishia nafasi ya kwanza, kwa hivyo hiyo ya wiki mbili sijui aliitoa wapi. Anaweza kuwa ameisikia kwa video fulani akaiamini. Anaweza kuwa anachanganya na matangazo ya kulipia, hayo yanatokea juu siku hiyo hiyo, yameandikwa kwamba ni tangazo, na ukiacha kulipa yanatoweka. Muulize ni ipi kati ya hizo mbili, jibu lake litakuonyesha mengi. Na mbona hajakutajia kwamba duka unaweza kuliweka kwa ramani ya Google bure, na picha na saa za kufungua? Labda ameshaweka. Labda hajui.

Nisimpige kijana upande mmoja tu, kuna kitu anakiona. Peji ya Facebook si shamba lako, ni kibarua kwa shamba la mtu. Ikifungwa ama idukuliwe, wale 9,400 wanaenda nayo. Na anaposema organiki iko chini juu ya algoridhimu hakudanganyi. Organiki ni kuonekana bila kulipa, algoridhimu ni ile programu inachagua nani aone nini kwanza, na mafolowa 9,400 haimaanishi posti inafika kwa 9,400, mbali sana. Swali ni kama dawa ya hiyo ni websaiti ya mkopo wakati wateja wako wote wanamalizia WhatsApp. Biashara nyingine inaihitaji, nyingine inakaa miaka bila. Mkopo wa chama nao una riba na una macho.

Kwa kile kitabu cha namba kuwa mpole kabisa. Mteja alikuachia namba umpigie pazia zikiisha kushonwa, hakukuachia ndio apate mesej ya ofa saa tatu usiku. Kenya tuna sheria ya kulinda data ya mwaka 2019, na kutumia namba ya mtu kumtangazia biashara bila yeye kukubali ni kitu sheria hiyo inaguza. Barua pepe ya kwanza ya kutangazia watu kwa wingi bila kuombwa ilitumwa Marekani Mei 1978, mtu alikuwa anauza kompyuta, ikaenda kwa watu karibu 400, na walikasirika vile vile tunakasirika leo. Sasa inaitwa spamu. Unaweza kuwauliza wateja mmoja mmoja, mama nikikuwekea kwa orodha ya ofa ni sawa? Itachukua muda, na wengine watakataa, na huenda orodha ya watu 60 waliosema ndio ikakuuzia zaidi kuliko ya 600 wasioulizwa. Hilo mtajaribu mkitaka.

Mzee nisimsahau. Umesema wawili hawaongei, lakini sijasikia kama kuna mtu amemwonyesha mzee hiyo ripoti na kumweleza. Yeye pia amekataa kitu hajakisoma, kama wewe ulivyokubali kitu hujakisoma. Kilomita na mzigo, anzia hapo.

Na kama hiyo jioni ya kusoma itafika na hujui utaanza na neno gani, achana na CPM. Anza na yule wa London. Muulize kijana, huyu alitufikia aje? Kwa sababu majibu ni mawili na yote yana faida. Labda aliwacha tangazo wazi kwa kila mtu, ndio maana unapata Lodwar na Mandera, na unaweza kumwomba achore duara kwa ramani, Nakuru, Njoro, Molo, Gilgil, pesa ikae nyumbani. Ama labda hakulipia kabisa, ni dada wa huyo mtu hapa Njoro aliona akamshea kaka yake, na hapo utagundua kuna watoto wengi wako nje wanataka kufunika madirisha ya mama zao na hakuna mtu anawauzia. Mwangalie akijibu. Kama anajua, utamwona akivuta kiti karibu.